Siku Tuliyotafuta Chipu Kati ya Fukusi

Nawaambieni ukweli, aibu ile ya Muleba mtu mwingine angehama mkoa. Kumwamuru Mkuu wa Wilaya anyanyue mguu mbele ya wananchi wake, tena kwa sauti ile ile ninayofukuzia mbuzi kwenye kibanja cha baba, halafu nimdake kisigino kama namvua mtoto kiatu! Sikuhama, kama mnavyoniona, lakini kwa muda mrefu nilipita uchochoro wa nyuma wa soko la Bukoba ili nisikutane na mtu yeyote aliyekuwa ukumbini siku ile. Na msidhani nilikwenda Muleba kutafuta visa. Yote yalianzia kwenye jibu moja nililolitoa ofisini, jibu dogo tu, la mtu anayetaka kuonekana anajua.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya ujamaa, ya foleni za sabuni na sukari, watu tunaitana ndugu hata tukiwa tunagombana. Mimi Adelina, binti wa Rubafu, nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kusoma kozi ya kompyuta (kozi fupi, lakini mama alivyoitangaza kanisani ungedhani nimerudi daktari), nikaajiriwa na mradi wa migomba uliokuwa na ofisi pale Bukoba mjini. Wakati huo migomba ilikuwa inaanguka. Mtu anaamka asubuhi anakuta mgomba wenye mkungu umelala chini, akipasua shina anakuta limetobolewa tobotobo na fukusi, wale wadudu weusi wenye mdomo mrefu, na nyumba ambayo migomba yake imekwisha ni nyumba ya kununua unga wa mihogo, jambo ambalo bibi yangu hakutaka hata litajwe mbele ya wageni.

Mradi ulikuwa na miche safi ya kugawa, lakini miche ilikuwa michache na vijiji vingi, na maneno yakaanza kuzunguka kwamba watu wa mradi watawagawia ndugu zao (mimi mwenyewe nilishaulizwa mara kadhaa kama Rubafu tumeshapata yetu). Basi mkuu wetu, Ndugu Kamugisha, mtu mrefu, mpole, aliyesomea wadudu ng'ambo, akaamua kwamba kazi ya kupanga kijiji gani kianze itafanywa na kompyuta, hadharani, kila mtu aone kwa macho yake.

"Kompyuta haina shemeji," alikuwa akisema, na sote tukakubaliana naye.

Kompyuta yenyewe ililetwa na mtaalamu mmoja Mzungu ambaye alikaa nasi kidogo, akaugua malaria, akarudi kwao, akatuachia mashine na kitabu chake kinene cha Kiingereza. Ilikuwa mashine nzuri, lakini ilikuwa na tabia mbaya. Unaiwasha, inafanya kazi vizuri, unaingiza habari za vijiji, unaanza hata kuimba, halafu ghafla inaganda. Taa inawaka, feni ndani inavuma, lakini kioo kimesimama na ukibonyeza vitufe ni kama unabonyeza meza. Unaizima, unakwenda kunywa chai, unarudi, unaiwasha, inaamka kama haikufanya kitu.

Siku ya kwanza ilipoganda mbele ya Ndugu Kamugisha akaniuliza, "Adelina, hii ina nini?"

Sikuwa najua ina nini. Lakini nilikuwa mgeni kazini, nimevaa viatu vyangu vya kisigino, na pale mlangoni wamesimama makarani wawili wakinitazama, nami nikaona siwezi kukaa kimya. Nikasema, "Imechoka, ndugu. Mashine hizi zinahitaji kupumzika."

Laiti ningeishia hapo! Akaniuliza ipumzike muda gani, nami nikaongeza, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba mpaka ipoe kabisa, na kwamba ikiwashwa ingali moto itaungua. Hilo la kuungua nililitunga pale pale, mdomo ukiwa umeshafunguka.

Kuanzia siku hiyo ikawa sheria. Kompyuta ikiganda, inazimwa, pazia linashushwa, watu wanaambiwa wasipige kelele. Dereva wetu, Bwana Salum, mtoto wa mjini Bukoba ambaye babu yake alitoka pwani na utani ameurithi wote, akawa akipita mlangoni anavua makubazi na kutembea kwa ncha za vidole. "Shii," anawaambia wageni, "bibie amelala." Makarani wanacheka mpaka wanajificha chini ya meza. Ndugu Kamugisha peke yake ndiye hakucheka. Yeye aliamini kabisa, maana hata fukusi, alisema, hupumzika mchana na kufanya kazi usiku.

Ikafika siku ya kwenda Muleba kutoa matokeo mbele ya Mkuu wa Wilaya na wajumbe wa vijiji. Tulipokuwa tunapakia mizigo Ndugu Kamugisha akaniita pembeni.

"Dar wamesema kama mashine hii haifanyi kazi ipelekwe mradi mwingine," akasema. "Hao wakulima nao wanatusubiri. Ikilala leo mbele yao, Adelina, mimi sitakuwa na la kusema. Hata wewe itabidi urudi kwenye taipureta."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaipumzisha vizuri njiani.

Salum akaifunga kompyuta kwenye blanketi langu (la chumbani kwangu Buhembe, jekundu, mnalijua), akaikalisha kiti cha mbele cha Landrova karibu yake, Ndugu Kamugisha akakaa dirishani, mimi mtaalamu wakanirusha nyuma pamoja na printa na matairi. Kule Kemondo tukasimamishwa kwenye kizuizi. Enzi zile walikuwa wanasaka wahujumu uchumi, na kitu kilichofungwa kwenye blanketi kilikuwa kitu cha kutolewa maelezo.

"Nani huyo mmefunika?" akauliza askari.

"Mgonjwa, afande," Salum akajibu, hata hacheki. "Anapelekwa Muleba, apumzike."

Askari akafunua, akakutana na kioo, akajiona uso wake. Akatutazama, akaifunika tena polepole, kwa heshima, akasema, "Pole yenu." Nami kule nyuma, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, nikacheka na wenzangu, sijui kwamba zamu yangu inakuja.

Ukumbi ulikuwa wa parokia, wenye jenereta yake nje. Ulikuwa umejaa pomoni. Mbele wamekaa Mkuu wa Wilaya, mtu mnene mwenye suti ya mikono mifupi na viatu vya soli ya raba, na mapadri wawili wenyeji wetu. Wajumbe wa vijiji walikuwa wameambiwa waje na fukusi walionaswa kwenye mitego yao, wawaonyeshe wataalamu, kwa hiyo kila mmoja kaja na kopo. Makopo ya kimbo, makopo ya maziwa, hata chupa ya dawa ya kikohozi, yote yakapangwa kwenye meza ndefu. Meza ilikuwa moja tu. Kwa hiyo nami nikaiweka kompyuta hapo hapo, makopo upande huu na makopo upande huu, na nikajiona nimepanga vizuri.

Nakumbuka mama mmoja mtu mzima, Ma Teodozia, mjumbe wa kijiji cha mlimani kabisa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alipofika kwangu hakuleta kopo, alileta ndoo ndogo yenye mfuniko wa jani la mgomba.

"Bojo, mwanangu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "kwetu kopo halikutosha. Hicho kitu chako kitatuona kweli?"

"Kitawaona, waitu," nikamjibu kwa heshima. "Hakina macho ya upendeleo."

Nikaiwasha kompyuta mapema, ionekane inang'aa, na hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu Ndugu Kamugisha alipoanza kuhutubia juu ya maisha ya fukusi, kutoka yai mpaka uzee wake, mashine ilikuwa inachemka tu muda wote huo. Alipomaliza akainuka mwenyekiti wa kijiji cha pale barabarani, Ta Kabyemera, mzee mwenye sauti ya tarumbeta na maneno mengi kuliko redio.

"Ndugu Mkuu wa Wilaya," akasema, "tusipoteze muda. Mwulizeni huyo mtaalamu wa sanduku, kijiji changu kina migomba mingapi yenye wadudu?"

Nikabonyeza vitufe kwa mbwembwe, nikasubiri. Kioo kikatetemeka kidogo, kikasimama. Nikabonyeza tena. Ni kama nabonyeza meza.

"Vipi?" akauliza Mkuu wa Wilaya.

Na mimi, jamani, badala ya kutafuta maneno mengine, nikatoa yale yale niliyoyazoea. "Samahani, ndugu. Inapumzika kidogo."

Nilisikia Salum akikohoa kule mlangoni. Ta Kabyemera alikuwa bado amesimama. Akawageukia watu, akafungua mikono.

"Ndugu wananchi! Mkulima wa Muleba akilala saa nne asubuhi anaitwa kupe. Anaitwa mnyonyaji wa jasho la wenzake. Hii iliyokuja kwa gari, imevishwa blanketi, na sasa imelala kabla haijafanya kazi, tuiteje?"

"Kupeee!" ukumbi wote ukaitikia.

Walicheka jamani. Walicheka wakapigana mabega, padri mmoja akatoa leso akajifuta macho. Hata Mkuu wa Wilaya alitikisika kitandani, nasema kitini, mnaona, mpaka leo nikikumbuka nachanganyikiwa. Ndugu Kamugisha peke yake alikuwa anaangalia chini.

"Iamshwe," akasema Mkuu wa Wilaya kicheko kilipopungua.

"Ndugu, ikiwashwa ingali moto..."

"Iamshwe sasa hivi. Sisi tumetoka mbali."

Basi nikaizima, nikaiwasha hapo hapo, ingali moto, kitu ambacho hatukuwahi kukifanya hata mara moja, kwa amri yangu mwenyewe. Nikafumba macho nikingoja moshi. Hakukuwa na moshi. Mashine ikalia "pii", na pale juu ya kioo zikatokea tarakimu kadhaa ambazo sijawahi kuziona, na mwisho wake zimesimama peke yake: 201.

Ta Kabyemera, ambaye alishasogea karibu, akaziona kabla yangu.

"Mia mbili na moja!" akapaza sauti. "Migomba mia mbili na moja! Imesema! Andika, katibu, andika!"

Makofi yakalipuka. Wale wale waliokuwa wanaiita kupe sasa wanasimama kuiangalia, wanasema Mzungu ana akili. Ta Kabyemera akanikumbatia. Ndugu Kamugisha akapumua kama mtu aliyetolewa majini, akaniinamia akapiga makofi na yeye. Ningeweza kuinama tu, nishukuru, twende zetu tukale.

Lakini nikamwona Ma Teodozia. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa ameinua mkono, ananyoosha shingo, anauliza, "Na sisi? Na sisi imesema ngapi?" Na katibu alikuwa kweli anaandika, na kwa namba ile miche ingekwenda kijiji cha barabarani, na yule mama angerudi mlimani na ndoo yake.

"Hapana," nikasema. Hakuna aliyenisikia. Nikapanda juu ya kiti. "Hapana, ndugu zangu! Hiyo siyo migomba! Hiyo ni mashine inasema ugonjwa wake yenyewe!"

Ta Kabyemera akaniachia kama amegusa chungu cha moto.

"Kwa hiyo," akasema Mkuu wa Wilaya, taratibu, "mashine hii haijachoka."

"Haijachoka, ndugu."

"Inaumwa."

"Ndiyo, ndugu. Na mimi nilikuwa sijui. Ndiyo sasa hivi nimejua."

Na kweli nilikuwa nimejua! Hapo hapo juu ya kiti, viatu vyangu vya kisigino vinayumba, mambo yote yakanipangikia kichwani. Kile kitabu cha Mzungu nilikuwa nimekisoma usiku na mchana, na kilisema kwamba kompyuta ikiwaka hujikagua kumbukumbu yake, na ikikuta sehemu inayosahau hutoa 201, na tarakimu za mbele yake hutaja mahali hasa palipo na kasoro. Kwetu haikuwahi kuitoa kwa sababu tulikuwa tunaiwasha ikiwa imepoa, na chipu yenye kasoro ikipoa ilikuwa inakumbuka vizuri. Ikipata moto ndipo inasahau. Kule kupumzisha kwangu ndiko kulikokuwa kunauficha ugonjwa kila siku.

Nikawaeleza. Sikujua maneno ya Kiswahili ya mambo yale (hata leo sina yote), nikatumia niliyokuwa nayo. Nikasema ndani ya sanduku hili kuna vipande vyeusi, kazi yao ni kukumbuka, vimepangwa kwa mistari kama nyumba kumi kumi, kila mstari na balozi wake. Namba hii imetaja balozi gani na nyumba gani. Kuna nyumba moja humo, mwenyewe akipatwa na joto anasahau alichoambiwa, na mji mzima unasimama kumngoja.

"Utathibitishaje?" akauliza padri mkubwa.

"Nitawahamisha wawili, Padri. Yule anayeshukiwa aende kwenye nyumba ya mwingine mzima, na yule mzima aje kwake. Namba ikibaki pale pale, nyumba ndiyo mbovu. Ikihama naye, mgonjwa ni yeye."

Watu wakaanza kunong'onezana. Nikaona wamenielewa, tena wameelewa haraka kuliko makarani wa ofisini kwetu. Mkuu wa Wilaya akaweka mguu juu ya mguu. "Haya. Hamisha."

Salum akaniletea bisibisi ya Landrova, kubwa ya kufungulia maboksi ya mizigo. Jenereta ikaendelea kuvuma, mimi nikachomoa waya wa mashine, nikafungua kifuniko, na sauti ya kina mama ikasikika, wakimlilia mama kwa Kihaya, "Mawe! Anaipasua!" Yule mshukiwa nikamtoa vizuri, nikamlaza kwenye kiganja cha Salum. Mwenzake aliyekuwa mzima alikuwa ameshika. Nikaingiza ncha ya bisibisi chini yake, nikanyanyua, akagoma, nikanyanyua kwa nguvu kidogo, na jamani chipu ile iliruka kama senene. Ilipita usoni pangu. Nikaifuata kwa mkono, kiwiko kikapiga kopo la kwanza, kopo la kwanza likapiga la pili, meza ikainama upande, na ndoo ya Ma Teodozia ikaenda chini kwa kishindo.

Fukusi walimwagika sakafuni kama maharage. Weusi, mamia, wengine wamejifanya wamekufa kama kawaida yao, wengine wanatembea kuelekea kwenye viatu vya watu. Na mahali fulani katikati yao kuna kidude changu cheusi, chenye miguu pande mbili, kikubwa kidogo tu kuliko wao.

"Mtu yeyote asitembee!" nikapiga kelele.

Basi ukumbi wa watu wazima ukapiga magoti. Wenyeviti, makatibu, mapadri na kanzu zao, Ndugu Kamugisha ambaye miwani ilimdondoka na yenyewe ikaanza kutafutwa. "Huyu hapa!" anasema mmoja, ananiletea, naona kinatembea. "Huyu je?" Kina mdomo. "Wako ana miguu mingapi?" anauliza Ta Kabyemera, uso chini, makalio juu, bidii yote, "wa kwangu ana sita!" Nikamwambia wangu ana kumi na sita. "Huyo ni jongoo," akasema, akaendelea kutafuta.

Mtu mmoja tu hakupiga magoti. Mkuu wa Wilaya alikuwa amesimama, amerudi hatua nyuma kuwakwepa wadudu, na nilipoinua macho kutoka sakafuni nikaona chini ya kiatu chake, pembeni ya soli, kitu kinang'aa kidogo kama sindano.

Sikufikiri. Mungu anisamehe, sikufikiri kabisa. "Wewe! Nyanyua mguu!"

Akanyanyua! Nadhani hakuna aliyemwambia hivyo tangu awe shule. Nikamdaka kisigino, akayumba, akamshika Ndugu Kamugisha kichwani, na pale, mguu mmoja wa serikali hewani, nikaing'oa chipu iliyokuwa imejidunga kwenye ile soli ya raba. Miguu yake ilikuwa imepinda huku na huku lakini hakuna uliovunjika. Ndipo nikatambua kisigino nilichoshika ni cha nani.

"Naomba radhi, ndugu," nikasema, bado nimekishika.

"Maliza kwanza," akasema, "halafu uniombe radhi."

Nikainyoosha miguu ya chipu kwa kucha, mmoja mmoja, ukumbi mzima umenizunguka, wengine wamesimama juu ya mabenchi. Nikaziweka zote mbili, kila moja kwenye nyumba ya mwenzake. Nilikuwa naogopa jambo moja: kama ile iliyokanyagwa imeumia, nitakuwa na wagonjwa wawili na hakuna atakayeniamini tena. Nikarudisha waya. Nikawasha, nikaiacha ivume mpaka ikapata moto kama mwanzo, kisha nikaizima na kuiwasha tena hapo hapo.

"Pii." Ikajikagua. Tarakimu zikatokea. Mwisho 201, ile ile. Lakini tarakimu za mbele zilikuwa zimebadilika, nami nikazisoma kwa sauti: zilitaja nyumba ile ile nilikomhamishia mshukiwa, na hakuna nyingine.

Ta Kabyemera ndiye aliyeelewa kwanza. Akaruka juu ya benchi.

"Amehama na ugonjwa wake!" akapiga kelele. "Ndugu wananchi, amehama na ugonjwa wake! Amepatikana!"

Mnajua vigelegele vya kina mama wa Kihaya harusini? Zidisheni. Nimeshangiliwa mara chache katika maisha yangu, na kwa mambo makubwa zaidi, lakini sijawahi kusikia kitu kitamu kama vigelegele vile kwa ajili ya chipu iliyokufa. Sikuwa na nyingine ya kuweka mahali pake, kwa hiyo nikauondoa mstari wote aliokuwemo, nikageuza vijitufe vidogo vya ndani vinavyoiambia mashine ina kumbukumbu kiasi gani, ikubali kuishi na iliyobaki. Ikawaka. Haikutoa 201 tena.

Nikaiuliza swali la vijiji vyote. Printa ikaanza kulia kama cherehani, karatasi inatoka, Ndugu Kamugisha anasoma bila miwani, ameisogeza karatasi puani. Kijiji cha kwanza kupewa miche kilikuwa cha mlimani, cha Ma Teodozia, tena kilivizidi vingine mbali sana. Cha Ta Kabyemera kilikuwa karibu na mwisho. Rubafu kwetu haikuwa kwenye miche ya awamu ile kabisa, na hilo lilisomwa kwa sauti, na waliokuwa wakiniuliza kuhusu ndugu zangu walinitazama wakatazama pembeni.

Ma Teodozia alifunga kanga upya kiunoni, akaja akanishika mikono yote miwili, akaitikisa, akarudi kukaa.

"Nimeshindwa kihalali," akasema Ta Kabyemera, na huyo ni mtu ambaye nasikia hakuwahi kukubali kushindwa hata kwenye bao. "Lakini mimi nangoja. Nataka kuiona ikilala."

Na watu wote wakabaki kuingoja. Chakula kikaletwa, ndizi na samaki, watu wakala huku wamekazia macho kioo. Mimi naendelea kuiuliza maswali, kijiji kwa kijiji, nayo inajibu. Ukapita ule muda wake wa kuganda, ukapita mara mbili, mara tatu, haikuganda. Mkuu wa Wilaya akavuta kiti akakaa karibu yangu akawa anabonyeza vitufe mwenyewe, anacheka kila jibu likitoka. Halafu ghafla kioo kikawa cheusi.

Ukumbi ukapiga ukelele. Lakini Salum akaingia kutoka nje, mikono mifukoni, akatangaza kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba:

"Poleni, ndugu zangu. Jenereta imeishiwa dizeli. Safari hii aliyelala ni huyo."

Walinibeba, mnasikia? Kina mama walinibeba mpaka kwenye Landrova, kisigino kimoja cha kiatu kimebaki Muleba sijui wapi. Kurudi Bukoba nilikaa kiti cha mbele, dirishani, na blanketi langu magotini. Ndugu Kamugisha akakaa nyuma na matairi, kwa hiari yake, alisema anataka upepo. Mashine haikupelekwa popote. Miche ya mlimani ilipakiwa wiki hiyo hiyo.

Ila jina lilinikaa. Mpaka leo kuna watu wa Muleba wakinikuta mjini wananiita "Nyanyua Mguu", na mume wangu amelipenda kuliko langu la ubatizo. Nami nimekula kiapo, na sijakivunja: mashine ikinishinda nasema imenishinda, papo hapo, waliopo wakiwa bado ni mkuu wangu na makarani wawili, kabla watu hawajawa ukumbi mzima.